Kiti cha Mama Mkwe

Mtaa wa Linden,
Columbus, Ohio,
Marekani.

Jumapili, 1 Juni 2025

Mpendwa Dada Kemunto,

Pokea salamu zangu hapo Keroka, wewe na wote walio chini ya paa lako. Natumaini magoti yanakuacha ulale, na kwamba ile dawa ya presha unaimeza mwenyewe kila asubuhi wala humgawii jirani kama ulivyofanya mwaka jana. Shemeji Sipriani hajambo? Chai inaendeleaje? Mwambie namsalimu kwa mikono miwili, na kwamba sijasahau ni yeye aliyeniapia kuwa barabara za Marekani zimenyooka na hazina shimo hata moja. Nina neno naye.

Sisi hatujambo, Mungu ni mwema. Priscah anaendelea na masomo ya uuguzi na ameanza kunipima presha kila nikikaa, hata nisipoumwa. Moraa amemaliza shule ya chekechea. Nikimwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, na nikimkemea kwa Kigusii anacheka. Mimi niko pale pale kwenye maabara ya hospitali, na damu za watu hazijaniisha. Baridi imekwenda zake, miti imerudisha majani, na jana nimevaa shati la mikono mifupi kwa mara ya kwanza tangu mwaka huu uanze.

Barua hii italetwa na Mama Priscah mwenyewe, anayesafiri kurudi nyumbani wiki ijayo. Nitampa Priscah, naye ataitia kwenye mkoba wa mama yake, maana kumkabidhi mkononi siwezi. Nakuomba uisome akishaondoka hapo kwako. Nakujua kwa kicheko.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Najua limekwisha kufika huko, tena limefika likiwa limenenepa. Uliniuliza kwenye simu, kwa ile sauti yako ya mwalimu, ni kweli nimemdhalilisha mama mkwe wangu katikati ya barabara? Nikakuambia nitakueleza siku nyingine. Siku yenyewe ni leo, na nina furaha kwamba sasa kisa kina mwisho.

Unalijua gari langu, lile la Toyota la rangi ya majivu ninalokutumia picha zake kana kwamba ni mtoto wa pili. Lina miaka ishirini. Linanipeleka kazini, linampeleka Priscah chuoni, linambeba Moraa na mchele na nguo za kanisa, na halijawahi kukataa kuwaka hata asubuhi za theluji. Ila miguu yake ilikuwa imechoka. Nikishika breki pua yake ilikuwa inainama chini kama mtu anayetafuta sarafu, na nikipita tuta liliendelea kuinuka na kushuka hata baada ya sisi wote kusahau lile tuta. Upande wa mbele kulikuwa na kitu kinagonga, kok kok, kila nilipokata kona. Nilikuwa naongeza sauti ya redio. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ulitufundisha hivyo darasani, na mimi nilikuwa naimba kwaya juu ya ufa wangu.

Mama alifika Januari kwa dada yake Priscah, Marion, kule Louisville. Mwezi Machi akataka kuja kutuona Columbus, nasi tukaenda kumchukua. Sasa wewe wazijua chinsoni zetu, hizi adabu za wakwe, si lazima nikukumbushe, lakini nakuandikia ili uone kwamba sikuziacha uwanja wa ndege. Mama mkwe hanishiki mkono, hatuli meza moja, hatulali chini ya paa moja, na akiwa na neno kwangu humwambia Priscah, naye Priscah akaniambia hata kama nimesimama hapo hapo nimesikia yote. Zile siku alizokaa kwetu mimi nililala kwa jirani yetu Masumbuko, Mkongo wa kutoka Bukavu, ambaye nyumba yake inapakana na yetu. Aliniuliza kama nimekosana na mke wangu. Nilipomweleza, akasema heshima ya namna hiyo ni ya kulipia kodi mbili.

Kwa hiyo hata kwenye gari nilipanga viti kwa adabu. Huku usukani uko kushoto, na kiti kilicho mbali kabisa na dereva ni kile cha nyuma kulia. Hicho nikakifanya kiti cha Mama. Nilikifuta, nikakitandikia leso mpya, na tangu siku hiyo sikukigusa tena. Priscah mbele pamoja nami, Moraa nyuma yangu, Mama kwenye kona yake. Nilijiona mkwe mwenye akili sana.

Tulipofika Cincinnati, penye lile daraja la mto Ohio, tukakuta barabara imeharibiwa na baridi. Shemeji Sipriani asikie hapa: theluji na chumvi wanayoimwaga juu yake huila lami, na majira ya baridi yakiisha mashimo hubaki yamejaa maji, huwezi kujua kina chake. Gari likatumbukia kwenye moja. Mbele likashuka, nyuma likaruka, na Mama, ambaye alikuwa ameulegeza mkanda kwa sababu unambana tumbo, akarushwa kuja katikati. Mkono wake ukatafuta cha kushika. Ukakuta sikio langu.

Dada, alilishika kweli kweli. Si kuligusa. Nilivuka daraja zima nikiwa nimeinamisha kichwa upande, sithubutu kusema kitu, naye amepigwa na butwaa hajui kwamba bado amelishika. Moraa akauliza, kwa sauti ya kanisani, "Grandma, why are you holding Daddy's ear?" Hapo ndipo Mama alipoliachilia kama kaa la moto. Nilimwona kwenye kioo, amejifunika kitambaa mpaka kwenye nyusi.

Wewe utacheka, nami siku hizi nacheka, lakini wakati ule halikuwa jambo la kuchekwa. Mama alikaa nasi siku chache kisha akamwita Marion aje amchukue. Kabla hajaondoka alimwambia Priscah, nami niko nje ya mlango nasikia, "Mwambie mwenye gari simlaumu. Lakini mimi gari lile sitaliingia tena." Sikulala usiku ule. Sikulaumiwa, na hilo ndilo lililoniuma.

Ikawa Aprili, na Mungu akatutembelea. Shemeji yangu Trevor, mdogo wake Priscah, anayekaa Buffalo, alipata mtoto wake wa kwanza na mke wake Jeptoo. Mtoto wa kiume, naye wakamwita Samsoni, jina la marehemu baba mkwe. Waelewa maana yake. Mama amekuwa mjane kwa miaka kadhaa, na sasa mume wake amezaliwa tena, amelala Buffalo anamngoja, naye tiketi yake ya kurudi Kenya imekwisha kukatwa.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Ile ndege ya kumleta ilimvimbisha miguu mpaka viatu vikakataa kuingia, na daktari alimwambia ndege aipande mara moja tu zaidi, ya kumrudisha nyumbani. Marion alikuwa amemaliza siku zake zote za likizo pale hospitalini anakofanya kazi. Trevor asingeweza kumleta mtoto mchanga safari ndefu namna ile. Kutoka Louisville hadi Buffalo ni mwendo wa kutwa nzima, na njia yenyewe inapita hapa hapa Columbus. Wa kumpeleka nilikuwa mimi, na gari lilikuwa lile alilolikataa.

Mama alisema atamwona mtoto kwenye simu, inatosha. Alisema hivyo mchana. Usiku Marion alimsikia analia chumbani.

Priscah alipendekeza tukodi gari. Nilifikiri sana, na haikuwa bei peke yake iliyonizuia, ingawa nayo ilinizuia. Aibu iliyofanyikia ndani ya gari langu haifutwi ndani ya gari la watu. Nikasema nitalitengeneza. Gereji moja ya hapa mtaani ikanitajia bei ambayo ningeongeza kidogo tu nikapata Toyota nyingine ya umri huo huo. Nikawashukuru, nikarudi nyumbani, nikamwambia Priscah kwamba fundi ni mimi. Akaingia chumbani kuomba.

Basi nikaanza na vile vilivyokuwa vinauma zaidi. Shoki za mbele, yaani zile nguzo zenye mafuta ndani zinazoituliza springi isiruke ovyo, nilizinunua zikiwa zimekwisha kuunganishwa na springi yake na kofia yake ya juu. Zinazidi kidogo bei, lakini kuibana springi kwa mkono nyumbani ni kucheza na bunduki, na mimi nina mke na mtoto. Bushi, zile pete za mpira zinazozuia chuma kisigonge chuma, zilikuwa zimekauka na kupasuka. Ile kok kok ilikuwa linki mbili ndogo, vile vijiti vya chuma vya kuunganishia, zisizozidi urefu wa mkono wako, za bei ya chakula cha mchana. Fikiria, muda wote ule nilikuwa naogopa kufungua nikakute ugonjwa mkubwa.

Huku wana jambo moja zuri. Maduka ya vipuri hukuazima spana kubwa na vifaa vya kufungulia, unaweka amana, ukirudisha unarudishiwa yote. Jeki nilipewa na Masumbuko. Anafanya kazi kwenye ghala la mizigo na hajui gari zaidi ya kulitia mafuta, ila ana mikono mizito na moyo mwepesi. Kazi kubwa ilikuwa kutu. Chumvi ya barabarani ilikuwa imezifanya nati na bolti kuwa kitu kimoja. Tulizimwagia mafuta ya kulegeza jioni, tukazipiga nyundo kesho yake, tukazimwagia tena. Moja ilipoachia nilianguka chali kwenye majani, na Masumbuko akaimba wimbo mzima wa kanisa la kwao.

Jumamosi nikaliingiza barabarani. Dada, nilijihisi nimekaa ndani ya gari jipya. Nikishika breki limetulia. Nikikata kona kimya. Nikapita makusudi kwenye mashimo ya mtaa wetu, ambayo yanajulikana, nikatabasamu peke yangu. Nikampigia Marion simu papo hapo nikamwambia amwandae Mama.

Priscah alinisikiliza nikijisifu mpaka nikamaliza. Halafu akauliza, "Na nyuma? Umekaa nyuma ukasikia vile kunakuwa? Wewe una-test na mgongo wako, si wa Mama."

Nikamwambia za nyuma bado ni nzima. Nilikuwa nimelisukuma gari kwa mikono upande ule, halikunesa sana. Ukweli ni kwamba ili kuzifikia shoki za nyuma kwenye gari hili ni lazima ung'oe kiti cha nyuma chote, na kiti kile kilikuwa cha Mama. Sikutaka kukikalia, sembuse kukifungua na spana. Ukinicheka, uniambie ni nani kwetu angekaa penye kiti cha mama mkwe wake na leso yake bado imetandikwa.

Lakini maneno ya Priscah yalinikaa. Nikaona nitafute njia isiyovunja heshima. Nikachukua gunia la mchele, lile kubwa tunalonunua kwenye duka la Waafrika, nikaliweka juu ya kiti cha Mama, nikalifunga mkanda, nikalegeza mkanda kidogo kama anavyoulegeza yeye. Nikaendesha polepole kupita reli iliyo hapa karibu. Mbele nilisikia raha tupu. Nyuma nikasikia kishindo. Nilipogeuka, Mama, yaani gunia, lilikuwa sakafuni.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Masumbuko alinikuta nimesimama nje ya mlango wa gari nautazama mchele. Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Bon, Kefa, leta funguo," akasema. "Mimi naendesha, weye unaikala kwa ile kiti. Donc utasikia kile ule mama anasikiaka."

Nikasema haiwezekani, ni kiti cha mama mkwe.

"Hii iko kiti ya motokari," akasema. "Haiko kitanda yake."

Nikaikunja leso, nikaiweka mbele, nikakaa. Masumbuko akaliendesha lile lile, njia ile ile, mwendo ule ule. Tulipofika penye reli kiti kilinipiga kutoka chini, nikagonga dari kwa kichwa, na mkono wangu wenyewe ukaruka mbele kutafuta cha kushika. Ukamkuta Masumbuko shingoni. Kule mbele yeye hakuhisi kitu, alidhani nimeamua kumkaba.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimelisema neno hilo mara nyingi maishani, na siku ile tu ndipo nilipokuwa juu ya kitanda chenyewe. Nilimwomba Masumbuko asimame kando, na nikabaki pale nyuma. Niliona huruma mpaka machozi yakanilenga. Mama yule, na mgongo wake na miguu yake, alikuwa ameketi hapa kutoka Louisville, anapigwa na kila ufa wa barabara, na hakuweza kusema kwa sababu wa kuambiwa ni mimi. Mimi nami nilikuwa nimemweka mbali ili nimheshimu, kisha kwa heshima hiyo hiyo sikwenda kuona anakaaje. Hili nakuandikia wewe tu. Priscah nilimwambia kwa maneno machache zaidi, kwa sababu alikuwa amekwisha kulijua.

Kesho yake baada ya ibada tuling'oa kiti. Nilikitoa mwenyewe, nikakilaza kwenye ubaraza juu ya shuka safi, na Masumbuko akaniuliza kama nitakiletea na chai. Tukaondoa ule ubao wa chini ya kioo cha nyuma, na tatizo likajionyesha bila kuulizwa. Shoki ya kulia ilikuwa imetapika mafuta yake yote zamani, na kile kitako cha mpira kinachoishikilia kwa juu kilikuwa kimekatika, chuma kinacheza kwenye tundu. Gari likiwa tupu huwezi kuhisi. Akikaa mtu juu yake, ndipo linapompiga. Ya kushoto ilikuwa afadhali, lakini hizi hubadilishwa mbili mbili, na Moraa naye ni mtu.

Tuliagiza, zikaja, tukafunga. Viatu vipya nilivyokuwa nimejiahidi vikaahirishwa, na sijavikumbuka tangu siku hiyo. Kisha nikalipeleka kwenye gereji moja kunyooshewa magurudumu, maana hilo halifanyiki kwa macho. Nikarudisha kiti, nikakaa tena nyuma kulia, Masumbuko akaniendesha mtaa mzima. Nilikuwa na chai mkononi. Niliinywa.

Ikabaki kumshawishi mwenye kiti. Mimi kumwomba uso kwa uso ni mwiko, na Priscah alisema maneno yameisha thamani kwenye jambo hili. Basi wikendi ndefu ya mwisho wa Mei tukaenda Louisville, nikaegesha mbele ya nyumba ya Marion, nikabaki ndani ya gari kama ipasavyo. Marion akatoka, akafungua mlango wa nyuma kulia, akakaa, akafunga mkanda. Kwenye mtaa wao kuna matuta yamepangwa ya kuwazuia vijana wenye mbio. Akaniambia niende niyapite yote nirudi, tena nisiyabembeleze.

Mama alikuwa amesimama dirishani. Tulipita mara ya kwanza, pazia likasogea. Mara ya pili likafunguliwa kabisa. Marion alikuwa amekaa wima nyuma, mikono mapajani, kitambaa cha kichwani hakikutikisika, anamtazama mama yake dirishani kama malkia anayepitishwa mjini. Mara ya tatu tulipofika mlangoni tulimkuta Mama amesimama nje, amevaa koti, mkoba mkononi.

Safari tuliigawa mara mbili. Usiku ule Mama alilala kwetu Columbus, mimi kwa Masumbuko, na asubuhi tukashika njia ya kaskazini. Tangu Cleveland unaliona ziwa upande wa kushoto, maji mpaka mwisho wa macho, na upepo wake unalisukuma gari kwa bega. Gari halikujali. Nilikuwa naendesha jicho moja kwenye barabara na jingine kwenye kioo, nikingoja kuona uso unaokunjamana. Baadaye kidogo sikuuona uso tena. Nikaogopa. Priscah akageuka kuangalia, kisha akanionyesha kwa kidole mdomoni ninyamaze. Mama alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi. Mama mkwe wangu, asiyekubali hata nimwone akitafuna, amelala fofofo ndani ya gari langu. Nilizima redio. Toka hapo mpaka Buffalo niliendesha kama nimebeba mayai, ingawa haikuwa lazima tena.

Trevor anakaa upande wa magharibi wa mji, nyumba ya juu, ngazi zake nyembamba. Alimshika mama yake mkono wakapanda polepole. Mimi nilibaki karibu na mlango, nusu ndani nusu nje, nimewapa ubavu kama inavyotakiwa. Jeptoo akaja na mtoto, mdogo, mwekundu, amefungwa ndani ya shuka, akamlaza kwenye mikono ya Mama.

Mama hakulia kama tulivyodhani. Alimfunua uso, akamtazama kwa muda mrefu, akamkagua masikio na vidole kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Kisha akaanza kuzungumza naye kwa sauti ya kawaida, sauti ya mke anayemweleza mumewe habari za siku.

"Baba Marion," akamwambia yule mtoto, "nimefika. Njia ni ndefu, na mimi nimelala njia nzima. Aliyenileta ni yule kijana wa Priscah. Sasa nakuuliza, wewe ulimtoza ng'ombe wote wale wa nini?"

Dada, nilitazama sakafu. Ndivyo adabu inavyotaka, na nashukuru, maana sikutaka waone uso wangu.

Niishie hapo, karatasi inakwisha na Moraa anataka meza achore. Nisalimie Shemeji Sipriani na wanao wote mmoja mmoja, mjomba na jirani yako wa dawa, na kwaya nzima ya kanisa. Masumbuko anakusalimu pia, hajakuona lakini anasema dada yangu ni dada yake. Mama akifika, mpokee vizuri, mpe kiti kizuri, na ukipata nafasi kikalie kwanza wewe. Mungu akulinde uendako na urudiko, na akuongezee siku zenye usingizi mwororo.

Ndimi mdogo wako, ninayekupenda hata unaponicheka,

Kefa